Ndaga ya Tumpale

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja katika shule za msingi za Kyela. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ingawa nilikuwa mwalimu mzuri na wanafunzi wangu watakuambia, hata wale niliowachapa. Nasema ili ujue tangu mwanzo kwamba kosa ninalotaka kulisimulia halikutokana na kutojua. Asiyejua akikosea husamehewa. Mimi nilizijua maana zote tatu za neno lile, nikachagua moja kwa makusudi mbele ya kijiji kizima.

Neno lenyewe ni ndaga. Sisi Wanyakyusa ukitupatia kitu tunasema ndaga, na hapo ni asante. Tukikutana na mtu anayetoka safari tunasema ndaga, na hapo ni salamu. Tukiingia kwenye nyumba yenye msiba tunasema ndaga, na hapo ni pole. Mgeni husikia neno moja tu akadhani lugha yetu ni ya watu wavivu. Mwenyeji wala hafikirii, kwa sababu anamwona aliye mbele yake na anajua amepatwa na nini.

Sasa nianze na joto. Kyela tumelizoea. Tuko bondeni, milima huku na ziwa kule, na hewa moto ikishaingia haina pa kutokea. Lakini joto la mwaka jana halikungoja Novemba. Katikati ya Oktoba kuku walikuwa wanahema midomo wazi kuanzia saa nne asubuhi, na watu wazima tulishinda barazani na kanga mbichi shingoni, hatutaki hata kusalimiana. Na kila joto lilipopanda, umeme ulikatika.

Watu wa umeme walikuwa na maelezo yao na sisemi yalikuwa ya uongo. Feni zimewashwa zote, mafriji yote, mashine za kukobolea mpunga za Ipinda zinazunguka, transfoma inachemka, kwa hiyo lazima laini moja izimwe ili nyingine ipumue. Sawa, nimeelewa, mimi si mjinga. Ila laini iliyozimwa ilikuwa ni ile ile siku zote, Laini ya Ziwani, yetu. Ile nyingine haikuguswa kwa sababu ilibeba ofisi, na ilikuwa na tawi lililokwenda mpaka hoteli ya ufukweni wanakofikia wakubwa wakija kupunga upepo. Tawi hilo lilipita nyuma ya kituo chetu cha afya. Ukisimama kwenye dirisha la wodi unaziona nyaya zake. Fundi mmoja alitupimia kwa hatua akasema zinatakiwa nguzo nne tu, na kituo kitahamia kwenye laini isiyozimwa.

Nguzo nne. Mtu mwingine angeziota nyumba au ng'ombe, mimi nilikuwa naota nguzo. Mke wangu Naomi alikuwa na mapafu yaliyochoka. Daktari alisema ni moshi wa jikoni wa miaka arobaini, na mimi nilipiga hesabu haraka nikaona miaka hiyo arobaini ni ya kunipikia mimi. Siku za kawaida alitembea, alipalilia migomba, alinigombeza. Siku za joto kali pumzi ilimwishia, nikampakia kwenye bajaji mpaka kituoni, na nesi Asifiwe akamwekea mipira ya oksijeni puani. Mashine yenyewe si mtungi wa gesi. Ni kisanduku kinachovuta hewa ya chumbani na kuichuja, na bila umeme hakifanyi kitu. Umeme ukikatika kinalia mlio mmoja mrefu, kisha kinanyamaza. Jenereta ilikuwepo. Barua ya kuomba dizeli yake ilikuwa imeandikwa tangu Julai.

Wa kwanza alikuwa Ambilikile. Huyu alikuwa mume wa Tumpale, yule mama anayeuza vyungu vya Wakisi pale sokoni Ipinda. Alilazwa na nimonia, wakamuunga kwenye mashine ile, akaanza kupata nafuu hata akaomba uji. Siku ya tatu, saa nane mchana, laini ikazimwa. Tumpale alimpepea kwa jalada la faili la matibabu la mgonjwa mwenyewe. Umeme uliporudi saa tisa na nusu, Ambilikile alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mimi na Naomi tulikwenda msibani, tukasema ndaga, tukakaa na wenzetu. Tukiwa njiani kurudi Naomi aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekumbusha kununua chumvi, kwamba anayefuata ni yeye. Nilimkemea vikali sana. Niliogopa, nikakaza mwendo na kusingizia jua.

Wiki tatu baadaye tukasikia Injinia anakuja. Alikuwa anaitwa Jubilate, mtu wa Kilimanjaro, meneja wa umeme wa eneo letu, mpole wa sura na hajui hata neno moja la Kinyakyusa. Mwenyekiti wa kijiji aliniomba niwe mkalimani, kwa ajili ya wazee na kwa wale ambao hasira ikipanda Kiswahili huwaponyoka. Nilikubali, nikavaa na koti, katika joto lile. Kabla hatujaketi mwenyekiti akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba Injinia ana nguzo chache sana, na kwamba nne kati ya hizo yuko tayari kuzisainia kwetu siku hiyo hiyo. Jambo moja tu, asiudhiwe.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, chini ya turubai la kukodi. Walianza vijana, na hao hawakuhitaji mkalimani. Waliisema hoteli. Walisema kuna samaki wanalala kwenye baridi huko ufukweni wakati wagonjwa wanakufa kwa kukosa hewa. Mmoja akamuuliza Injinia kama mama yake mzazi analala bila feni. Watu walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na Injinia na niliona akifunga uso. Kisha akafunga na faili lililokuwa mezani mbele yake. Akaweka simu juu yake, kama mtu anayesubiri muda wa kuondoka ufike. Ndani ya faili lile kulikuwa na nguzo nne, na Naomi alikuwa amekaa mstari wa tatu, kanga mbichi kichwani, anavuta pumzi kwa kuinua mabega.

Hapo ndipo Tumpale aliposimama.

Tumpale anajua Kiswahili vizuri. Anauza vyungu kwa watu wa Mbeya na Tunduma, na kwa Wamalawi wanaovuka pale Kasumulu, na hakuna anayemshinda kwa maneno. Lakini siku ile alizungumza Kinyakyusa, na hakuna aliyeshangaa, maana kuna mambo hayasemeki kwa lugha ya sokoni. Hakufoka. Alikwenda hadi mbele ya meza kuu, akainama, mikono ameikutanisha kifuani, akamwambia Injinia ndaga.

Alikuwa anampa pole. Hata mtoto wa Kinyakyusa angejua. Alisema mume wake alikufa saa nane mchana baada ya mashine kunyamaza, na kwamba aliyeinyamazisha ni yeye Injinia, kwa hiyo msiba ule ni wa wote wawili. Yeye ameshalia sehemu yake, na anajua Injinia hajalia ya kwake kwa sababu hakuna aliyempelekea habari. Basi amekuja kumpelekea. Akamalizia kwa ndaga fijo, yaani pole sana, akasubiri nitafsiri.

Nililitazama faili. Halafu nikasema: "Mama anasema alifiwa na mume wake mwezi uliopita. Anakushukuru kwa kufika. Anasema asante sana."

Wote waliojua Kinyakyusa, yaani wote isipokuwa wageni wa meza kuu, walinitazama. Tumpale naye alinitazama, muda mrefu kidogo kuliko wengine. Nilingoja anipinge. Angeweza kabisa, kwa Kiswahili safi, na ningeaibika mpaka leo kwa aibu ndogo. Badala yake alirudi akakaa chini.

Na Injinia akafunguka. Aliondoa simu, akafungua faili, akaandika. Alisimama akasema maneno mazuri kuhusu subira na mabadiliko ya tabianchi, akasema ametiwa moyo na yule mama ambaye pamoja na majonzi yake bado ameona mema. Alitupigia makofi. Mimi nilikuwa nakunywa maji baridi ya chupa na nilijiona mwanaume. Nilikuwa nimefungua faili kwa neno moja, wakati vijana wote wale walilifunga kwa maneno elfu. Tulikula wali na samaki mbasa, Injinia akaniletea karatasi, nikasaini.

Nyumbani Naomi hakungoja hata akae.

"Tumpale alitoa pole," aliniambia.

Nikamjibu kwamba ndaga ni asante pia, anipeleke kwa bingwa yeyote wa lugha. Nikamweleza kwamba tafsiri ni kazi ya busara, kwamba mkalimani lazima aangalie anaongea na nani na anatafuta nini. Nilikuwa nimesimama kabisa, kama niko ubaoni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulikuwa unatafsiri," akauliza, "au ulikuwa unaomba?"

Nikamwambia atanishukuru nguzo zikifika. Hatukuongea tena mpaka chakula cha jioni.

Nguzo hazikufika. Siku ya tisa nikapanda gari kwenda mjini Kyela, kwenye ofisi yao. Binti wa mapokezi, Prisca, alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti chini ya feni inayozunguka vizuri sana. Alinitafutia muhtasari wa mkutano, akanisomea. Uliandikwa kwa Kiswahili sanifu, sikuona pa kuweka kalamu nyekundu. Ulisema wananchi, akiwemo mjane wa marehemu, wameishukuru ofisi kwa huduma, na kwamba hali katika kijiji hicho si ya dharura. Chini kulikuwa na sahihi ya mkalimani, yangu, na mkia wake wa kujivunia. Nilisaini kabla ya kusoma. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kosa hilo.

Nguzo nne, alinieleza Prisca, zilipelekwa kijiji kingine ambako wananchi walifunga barabara kwa magogo siku mbili. Huko ndiko hali ilikuwa ya dharura.

Nilimwomba nirekebishe neno moja. Neno moja tu, nilimwambia, mwanangu, panaposema asante paseme pole. Akanielewesha taratibu kwamba muhtasari uliokwisha kuthibitishwa hurekebishwa kwenye mkutano unaofuata, nao utakuwa Februari. Injinia je? Alikuwa Mbeya kikazi. Nilitakiwa kukaa kwenye kile kiti mpaka arudi. Nilitakiwa kulala sakafuni pale, nipige kelele, nifunge mlango wao kwa magogo. Badala yake nilisimama, nikanyoosha koti, nikamwambia asante.

Naomi aliponiuliza, nilimwambia nguzo ziko njiani.

Jumanne ya kwanza ya Desemba joto lilipanda hata maji ya mtungi yakawa vuguvugu. Nilimfikisha Naomi kituoni saa tano. Asifiwe alimuunga kwenye mashine, midomo yake ikarudi rangi, Naomi akanionyesha kwa kidole kwamba shati langu nimefunga vifungo vibaya. Nikavifunga upya. Ilikuwa saa saba na dakika kumi mashine ilipolia ule mlio wake.

Nilipiga namba ya dharura. Sauti ya kijana mstaarabu ikaniuliza jina la kituo, ikanyamaza, nikasikia anabonyeza vitu, kisha ikaniambia kwamba kituo hicho hakimo kwenye orodha ya maeneo ya dharura. Niliuliza orodha hiyo inatokana na nini. Akasema inatokana na taarifa za mikutano ya wananchi. Ndipo nikapiga kelele, kwa mara ya kwanza katika jambo lote hili, nikapiga kelele mpaka wagonjwa wakageuka. Kijana akasema, nimekuelewa, mzee.

Asifiwe alikuwa anamsukumia hewa kwa kile kipira cha kubonyeza kwa mkono. Alibonyeza saa nzima, jasho likidondoka kwenye shuka, na mkono ukichoka anabadilisha mwingine. Mimi nilishika miguu ya Naomi kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kushika. Dirishani niliziona nyaya za hoteli. Waya ni waya, huwezi kuona kwa macho umebeba nini, lakini mimi nilijua. Naomi alinitazama mpaka karibu na mwisho na hakuwa na hasira, na hilo ndilo sitalisamehe, sijui nimsamehe nani. Alikata roho saa nane na robo. Umeme ulirudi saa kumi, mashine ikaanza kuunguruma peke yake kando ya kitanda, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Msiba ulikuwa mkubwa. Walikuja watu wa kanisani, walikuja wanafunzi wangu wa zamani, walikuja ndugu wa Naomi kutoka Ngana na wengine kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Turubai lilikuwa lile lile la mkutano, nililitambua kwa kiraka chake cha bluu. Siku ya pili, kabla ya mchana, gari la watu wa umeme likasimama barabarani, akashuka Injinia Jubilate na mwenyekiti. Sidhani alikuja kwa ubaya. Alikuwa amesikia kwamba mkalimani wake amefiwa. Alivua kofia, akanipa mkono, akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu, akiwa amejiinamia kama binadamu yeyote.

Muda huo Tumpale akaingia. Alikuwa amebeba kichwani mtungi mpya wa maji ya kunywa ya wafiwa, akautua taratibu penye kivuli, akauzungushia mchanga usiyumbe. Kisha akaja mpaka nilipokaa. Aliinama, akanishika mikono yote miwili.

"Ndaga, mwalimu," alisema. "Ndaga fijo."

Injinia alinisogelea. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mgeni anayetaka kujifunza.

"Huyu si yule mama aliyenishukuru mkutanoni? Leo anashukuru nini?"

Kaka zake Naomi walikuwa nyuma yangu na walisikia. Ningeweza kumpa jibu lolote, ningesema ndiyo desturi yetu, akaridhika na kurudi zake mjini. Nilikuwa nimechoka kuwa na busara.

"Hashukuru," nikamwambia. "Anatoa pole."

"Na siku ile?"

"Siku ile pia alikuwa anatoa pole. Alikuwa anakupa wewe."

Nikamtafsiria yote upya, neno kwa neno, kama ilivyonipasa mara ya kwanza, kuhusu saa nane mchana na mashine iliyonyamaza na msiba wa watu wawili ambao mmoja wao hajapelekewa habari. Nikamwambia kwamba asante iliyomo kwenye muhtasari wake ni yangu, mimi ndiye niliyeiweka pale. Kaka mkubwa wa Naomi alisimama, akaondoka kwenye turubai, na mpaka leo hajaongea nami.

Injinia hakujitetea. Alimgeukia Tumpale. Alimuuliza kama anajua Kiswahili. Tumpale akasema anajua. Basi kwa nini, akamuuliza, kwa nini hakusema palepale kwamba ametafsiriwa vibaya?

Tumpale hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi, na mikono yangu bado alikuwa ameishika.

"Mke wake alikuwa amekaa pale mbele yangu, nikaona anavyohema," alisema. "Nikadhani mwalimu ana njia yake ya kuzipata zile nguzo. Nikanyamaza ili Naomi apone."

Ilinipasa nimjibu. Pole ya msibani hujibiwa, na jibu lake ni ndaga hiyo hiyo. Nililijaribu mara mbili na halikutoka, na Tumpale akaniambia basi, niliache tu.